Mkojo na taa ya chooni

Kuna kitu nimekipata kwenye pindi la baiolojia wiki hii, ngoja niwamegee.

Sisi tukivunja chakula mwilini, elektroni huishia kwenye oksijeni tunayovuta. Sasa kuna bakteria wa matopeni, kule hewa isikofika, wao huzitoa nje na kuzitua kwenye madini ya chuma. Mmojawapo ni Geobacter, aliyepatikana kwenye tope la mto Potomac, Marekani, miaka ya 1980. Ukimwekea elektrodi ya kaboni anazitua hapo hapo. Unganisha waya, elektroni zinakimbilia upande wenye oksijeni. Tayari umeme!

Umeme wenyewe kiduchu, pasi sahau. Lakini watafiti wa Bristol, Uingereza, walichaji simu kwa mkojo mwaka 2013, halafu 2017 wakawasha taa za vyoo katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda. Bakteria wanakula mkojo, taa inawaka.

Hapo ndo nilipoguswa. Nimekaa bweni miaka sita, vyoo viko mbali na giza totoro. Usiku tulikuwa tunaamshana wanne wanne, au unabana mpaka alfajiri. Kumbe tulichokuwa tunakibana ndicho kingetuwashia taa!

Mwezi ujao naenda TP. Mwanafunzi akiniuliza, "Madam, bakteria wana faida gani?", sitaanza na mtindi. Nitaanza na choo.

Haya, nawahi foleni ya kafeteria. Tupo pamoja.