Kesi yetu ya Mafia

Wapiga gitaa wana jina lao la boksi la kubebea vyombo: wanaliita kesi. Siku ya kwanza mume wangu aliponiambia "mke wangu, nataka kununua kesi", nilimjibu kwamba kesi hazinunuliwi, huwa zinakuja zenyewe. Tulicheka mpaka machozi. Miezi miwili baadaye tulikuwa kwenye chumba cha gesti Kilindoni, kisiwani Mafia, na hakuna aliyekuwa anacheka. (Kabla hujawafikiria majambazi wa Kiitalia: Mafia hii ni yetu, Mkoa wa Pwani, ng'ambo ya delta ya Rufiji.)

Najua wengi mnaosoma hapa mna mwenzi mwenye "vitu vyake". Kuna wa kamera, kuna wa baiskeli, kuna wa viatu. Na najua umeshawahi kuuliza, kwa sauti au moyoni: hivi vina umuhimu gani hasa?

Vya mume wangu ni pedali za gitaa. Ni visanduku vya chuma, kimoja kinaenea kiganjani, vinapangwa sakafuni mbele ya mpigaji naye anavikanyaga kwa mguu kubadilisha sauti. Kimoja kinairudisha sauti kama mwangwi wa bondeni. Kingine kinalifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Kingine kinaikwaruza sauti mpaka inauma meno, na mwenyewe ndicho anachokipenda kuliko vyote. Jumatatu hadi Ijumaa mume wangu ni mhasibu, na Jumamosi anapiga solo kwenye bendi ya maharusi.

Enzi zile za JUWATA Jazz na DDC Mlimani Park, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpiga gitaa akihama bendi, anaacha kila kitu jukwaani na kuondoka na vidole vyake. Siku hizi kijana anajinunulia mwenyewe, kimoja mwaka huu, kingine mwakani, na kikiharibika ni hasara yake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi niliviita "vidude", na kila alipotaja kesi ya laki saba nilimkumbusha kiwanja. Tulikuwa tunachangia kiwanja, jamani! Laki saba kwa boksi tupu?

Basi rafiki yake wa damu akapata mchumba Kilindoni, na zawadi aliyoomba ni moja tu: siku ya harusi uje unipigie. Sisi wenyewe fungate hatukula, kazi zilitubana, hivyo tukaongeza siku tatu za kwetu. Nikaenda Kariakoo nikarudi na begi la kitambaa lenye sponji ndani, la kompyuta mpakato, elfu thelathini. Pedali sita zikaingia vizuri kabisa. Niliona nimeokoa laki sita na elfu sabini.

Kwa bajeti ile tulipita njia ya nchi kavu: basi kutoka Mbagala Rangi Tatu, barabara ya Kilwa mpaka Bungu, halafu unakata kushoto kwenda Nyamisati. Pale unasubiri maji yajae. Tulipata chombo cha mbao chenye injini, abiria, magunia, kuku na godoro la mtu. Mwanzo ni raha tupu, mnapita katikati ya mikoko, mto umetulia kama kioo, na mimi nimemlalia bega. Mkishatoka kwenye mikoko mnaingia mlangoni mwa bahari yenyewe, na hapo hadithi inabadilika. Chombo kinapanda, kinashuka, maji ya chumvi yanarushwa usoni. Mume wangu alikuwa amelipakata begi kama mtoto mchanga. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Liweke chini bwana, upumzishe miguu."

Akaliweka. Mabaharia walikuwa wanafua maji kwenye ngama muda wote ule, kwa kopo, na hakuna kati yetu aliyejumlisha moja na moja.

Usiku ule gesti begi lilikuwa limelowa chini tu. Juu kavu. Tukazifuta pedali kwa taulo, zikang'aa, na kwa hofu yake akachomeka umeme ili "azijaribu". Hapo ndipo zilipokufa. Mbili papo hapo, na ya tatu asubuhi. Fundi mmoja wa Dar alikuja kutueleza baadaye: maji yenyewe si adui mkubwa kama umeme ukipita humo kabla hayajakauka. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana, na yakikauka yanaacha chumvi inayovuta unyevu na kula shaba kimyakimya, kwenye tundu za waya, kwenye swichi, kwenye vile vifundo vya kuzungushia sauti. Ikikutokea, usiwashe kitu. Toa betri, fungua skurubu za chini, safisha kwa spiriti kali na brashi laini, acha ikauke kabisa. Sisi tulifanya kinyume cha kila kitu.

Harusini alipiga gitaa kavu, bila hata kidude kimoja. Watu walicheza, bibi harusi alilia kwa furaha, na nina hakika hakuna aliyegundua. Ila mimi nilimwona usoni. Tuliporudi chumbani alisema jambo moja: "Wewe uliviita vidude." Nikamjibu, "Na wewe ndiye uliyewasha." Wote tulisema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukuwa na pa kwenda.

Fungate ilikuwa imeshalipiwa, tufanyeje. Utende ni kama kilometa 15 kutoka Kilindoni, barabara ya lami inapita minazi mitupu, na njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995, unalipa kiingilio ndipo unaendelea. Mbele yako ni ghuba ya Chole, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo vimeizunguka. Mahali pazuri pa kununiana, kama lazima ununiane. Juani tulizunguka magofu ya Kua, mji ulioteketezwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19, mimi mbele, yeye nyuma, kila mtu na picha zake.

Jibondo ndiko tulikoanza kuongea. Jibondo wanaunda majahazi, na pwani pale tulimkuta mzee yuko chini ya ubavu wa chombo na nyundo yake. Mume wangu, nadhani kwa kutafuta tu cha kusema, baada ya kumwamkia akamuuliza ni mbao gani isiyoingiza maji. Mzee alicheka. "Mwanangu, mbao haina neno. Maji hayaingilii ubaoni, yanaingilia kwenye maungio." Akatuonyesha kalafati: pamba iliyopakwa mafuta, inashindiliwa kwa tindo katika kila ufa baina ya ubao na ubao, pole pole, hata siku nzima kwa mshono mmoja. Ubao mnene wenye kalafati mbovu, alisema, unazama vilevile.

Tulitazamana. Lile begi langu lilikuwa na zipu.

Kwa hiyo tuliporudi Dar tulikwenda kutafuta kesi pamoja, na safari hii nilikuwa mkali kuliko yeye. Tulikuwa hatuulizi tena "ni ngumu?" Tulikuwa tunauliza "imeungwaje?"

La kwanza lilikuwa boksi la fundi: plaiwudi, kona za chuma, vitasa vinavyobana kwa mlio mtamu. Ukilipandisha kwenye pikapu kwenda ukumbini, hakuna mwenzake. Hata likiangukiwa na spika halijali. Ila kifuniko kinalala juu ya mbao, mbao kwa mbao, hakuna kitu katikati. Na likiwa tupu tu ni kilo 12. La pili lilikuwa la aluminiamu, linang'aa kama la daktari kwenye filamu. Duka lile lilikuwa na stoo yenye giza, nikaomba tochi, nikaiwasha, nikaiweka ndani na kufunga. Mwanga ulitoka pande zote nne! Muuzaji hakufurahi, lakini nakushauri ufanye hivyo hivyo. Mwanga unapopita, chumvi nayo itapita.

La tatu lilikuwa Pelican, plastiki nzito, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1976 na mzamiaji, na unaona kabisa kwamba ni mawazo ya mtu anayeijua bahari. Kifuniko kina mpira wa duara uliolala ndani ya mfereji wake, na vitasa vinaubana mpira ule mzunguko mzima. Tundu za kufuli ziko nje ya mpira, hazitobolei ndani. Kuna na kijivalvu kidogo kinachopitisha hewa na kuzuia maji, maana boksi lisilopumua ukipanda nalo ndege kisha ukatua, kifuniko kinanyonywa usiweze kukifungua. Kuna mabeg... samahani, kuna makesi ya kampuni nyingine yaliyoigwa, ya bei ya nusu, na mengine si mabaya. Tafuta maandishi IP67: maana yake vumbi haliingii na linavumilia kuzama meta 1 kwa dakika 30. Usiamini maandishi peke yake. Sisi tulilijaza tishu, tukalizamisha kwenye beseni la kufulia uani, jiwe la kusagia juu yake, nusu saa. Majirani walichungulia. Tishu ilitoka kavu.

Hapo ningemaliza kama si kilo. Pelican ile ya saizi ya kubeba mkononi, 1510, ndani ina sentimeta 50 kwa 28, nafasi tele, lakini ikiwa na sponji yake ni kilo 6 hivi. Na ndege ndogo za Mafia kwa kawaida zinakupa kilo 15 kwa mtu, mzigo wote pamoja, tena wanapenda mabegi laini yanayojibana kwenye tumbo la ndege. Pedali moja ndogo ni kama gramu 400. Hiyo si shida. Adapta, nyaya na ubao wa kuzipangia ndivyo vinavyokumaliza: ukipiga hesabu vizuri, kesi inameza kilo 10 na nguo zako zimebaki na 5. Tukaishia kununua ndogo ya jamii ile ile, isiyozidi kilo 3 na nusu, na mume wangu akatakiwa kuchagua. Pedali sita ziwe nne. Unacheka? Nilimwona mtu mzima ameketi sakafuni jioni nzima, anaitoa moja, anairudisha. Alibakiza ya mwangwi, ya magitaa mawili, ya kukwaruza na ya kutunia nyuzi. Ile ya "wah-wah" aliyoipata kabla hajanipata mimi ilibaki kabatini. Nikaona aibu, nikatoa mashine yangu ya kukaushia nywele na jozi mbili za viatu.

Mwaka uliofuata tukarudi, harusi ya shemeji wa yule yule rafiki. Safari hii ndege, kama nusu saa hivi, delta ya Rufiji chini yenu imetawanyika kama mizizi ya mkungu. Uwanjani walipima kila kitu, hata gitaa. Nilikuwa nimepiga simu wiki moja kabla kueleza boksi ni gumu na lina urefu gani, na hilo ndilo lililotuokoa. Mashirika mengine hukuruhusu hata kununua kiti cha pili kwa ajili ya mzigo. Mizani ilisoma 14 na nusu. Mume wangu akanishika mkono kama tumefaulu mtihani wa taifa.

Kitu kimoja nacho hatukukitegemea. Boksi lisiloingiza maji halitoi maji. Joto la Mafia na unyevu wake ukivifungia ndani pamoja na pedali, umejenga jiko la mvuke. Si jambo geni kisiwani: mwaka 1915 Waingereza walileta ndege huku kuisaka meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta, na joto na unyevu viliwasumbua wao pia. Dawa yetu ni vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Siku hizi sivitupi. Na kesi usiifunge ufukweni jasho la mikono likiwa bado kwenye vyombo. Futa kwa kitambaa kikavu, peleka chumbani, subiri, ndipo ufunge.

Jioni ya mwisho tulivuka kwenda Chole kabla jua halijazama, saa ambayo popo wakubwa wa kisiwa kile wanaamka kwenye miti na kutanda angani. Mashua ilikuwa ndogo na wimbi lilituchapa vizuri. Kesi ilikuwa chini, ndani ya maji ya ngama, na mimi miguu yangu juu yake.

Alipoifungua, nilichungulia mimi kwanza. Kwenye kona nilikuwa nimeweka kipande cha tishu, bila kumwambia. Nikakishika.

"Kikavu?" akauliza.

Kumbe alikuwa amekiona tangu Dar.

Kiwanja tulikinunua, miezi minne nyuma ya ratiba. Pedali ya wah-wah bado iko kabatini, na kila tukipanga safari anaitoa, anaipima kwa mkono, ananitazama.