Kasi Iliyofungwa Kamba

Kompyuta inapokuwa nzito kama ng'ombe aliyelemewa na jua, watu wengi husema papo hapo kwamba imezeeka au imeingiwa na virusi. Mara nyingine sivyo hata kidogo. Yako mambo yanayoizuia prosesa, yaani bongo la mashine, isikimbie ilhali nguvu za kukimbia inazo. Kwa jamaa wanaotegemea umeme wa jua, mambo hayo yaweza kuwa tofauti baina ya chungu kuinjikwa na kutoinjikwa.

Kabazana ni sehemu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yana zaidi ya miaka 60; waliotangulia walikuwa Wanyarwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, ambao askari wazee wanaukumbuka tangu Februari 1979, majeshi ya Tanzania yalipouteka.

Hapo Kabazana dada mmoja mzaliwa wa Uvira ana meza ya kupiga chapa barua na kujaza fomu. Mali yake ni kompyuta mpakato ndogo aliyoinunua ikiwa imetumika, paneli moja ya jua, betri ya volti 12 na kigeuzi cha umeme. Kwa meza hiyo hulipa ada ya binti yake. Lakini msimu mmoja wa mvua mashine ilianza kuchelewa: akibonyeza herufi, huonekana baada ya yeye kukwisha kuisahau. Wateja wakaanza kupita mbali. Fundi mmoja alimwambia ainunue nyingine, ushauri rahisi kwa asiyelipa.

Jumanne moja akaja kijana aliyekuwa na maombi ya ufadhili wa chuo kikuu, na mwisho wa kuyapokea ulikuwa Ijumaa.

"Dada, mashine yako imelala," kijana alisema.

"Haijalala, mdogo wangu. Ngoja tuone ni nani aliyeifunga kamba."

Alifungua lile dirisha linaloonyesha kazi za mashine, ambalo hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo pana namba mbili, na wengi huitazama moja tu. Ya kwanza ilisema prosesa inatumika kwa asilimia 100. Ya pili, ambayo ndiyo yenye habari, ilisema kasi ni gigahezi 0.8, wala haikupanda hata kazi ilipozidi. Prosesa ile kwa kawaida huenda gigahezi 1.1, na ikihitajiwa hupanda hadi 2.8. Basi haikuwa imechoka, ilikuwa imezuiwa.

Vizuizi vya kawaida ni vitatu: joto, mipangilio na chaja. Aliweka kiganja chini ya mashine, akaikuta baridi. Joto likaondoka katika hesabu. Akaenda kwenye mipangilio ya umeme, akakuta kiwango cha juu kabisa cha prosesa kimewekwa asilimia 50. Mwenye mashine wa zamani, bila shaka, alitaka kuokoa betri.

Wazo hilo si la kijinga, na hapa yafaa kutua kidogo. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kadiri ya kasi, na huongezeka kadiri ya volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ikipunguzwa nusu, na volti ikashuka kutoka 1.0 hadi 0.8, ulaji hushuka hadi kama theluthi moja. Lakini kioo, kumbukumbu na vinginevyo havipungui. Chukua mfano: prosesa inakula wati 6 ikikimbia, na vitu vingine wati 5. Kazi ya dakika 10 itagharimu wati 11 mara 10, yaani 110. Ukiipunguza kasi nusu, prosesa itakula kama wati 2, jumla 7, lakini kazi itachukua dakika 20, nayo hesabu itafika 140. Mashine iliyofanywa polepole ili ibane matumizi imekula zaidi! Aghalabu ni nafuu prosesa imalize upesi kisha ipumzike, maana prosesa za siku hizi hulala zenyewe katikati ya kazi mara nyingi kwa sekunde.

Dada alirudisha kiwango hadi asilimia 100. Kasi haikubadilika. Mtu mwingine angekata tamaa hapo, lakini yeye alichomoa waya wa chaja, na mara ile namba ikaruka hadi 2.4. Alipouchomeka tena, ikashuka hadi 0.8.

Chaja ile haikuwa ya asili. Baadhi ya kompyuta huwa na pini nyembamba katikati ya tundu, ambayo kwayo chaja huieleza mashine uwezo wake wa wati. Mashine isipopata jibu, huona kwamba umeme hautoshi, ikajibana kwenye kasi ya chini na kuichaji betri yake kwa shida.

Hapakuwa na chaja nyingine Kabazana, na nauli ya Mbarara haikuwapo. Jumatano na Alhamisi dada aliizima mashine kabisa ili ichajiwe polepole, akaiwasha bila waya na kufanya kazi kwa dakika 40 ambazo betri ile kuukuu iliweza kuvumilia, kisha akaizima tena. Wingu lilitanda Alhamisi nzima. Simu za majirani zikakataliwa kuchajiwa, na jirani mmoja akanuna. Maombi ya kijana yaliondoka kwa data za simu jioni ile, barua ya mwisho ikipachikwa betri ikiwa na asilimia 6.

Kijana alilipa nusu, akaahidi nyingine. Jumamosi dada alipanda gari kwenda Mbarara na chaja ya zamani mkobani, ili alinganishe tundu, pini, volti na ampea zilizoandikwa mgongoni mwake kabla ya kutoa fedha. Katika duka la tatu alimwomba mwenye duka aichomeke kwanza, naye akaifungua kompyuta juu ya kaunta na kuitazama ile namba ya pili.