Mpira wa pikipiki: tusidanganywe na sura

Juma hili tuongee juu ya mpira wa pikipiki. Wengine watasema hayo ni mambo ya wanaume. Lakini anayebebwa na hiyo pikipiki ni nani? Ni sisi, na mimba zetu, na watoto wagonjwa mgongoni, na bidoni za mafuta ya mawese, na magunia ya mchele. Kati ya Kabambare na Kasongo, mpira mbaya unaweza kuua mtu.

Kundi letu lina pikipiki moja, tuliyoinunua kwa likelemba. Mwisho wa kiangazi mipira yake ilikuwa imelika. Kijana wetu anayeiendesha akatuonyesha picha kwenye simu: magari ya zamani ya Marekani, yenye mipira mipana, laini, bila meno. Akasema, "Mama, hii ndiyo mipira ya mbio." Sokoni alikuwa ameona mipira inayokaribia kufanana na hiyo, na bei yake nafuu. Tukagawanyika. Nusu walisema pesa ni kidogo, tuchukue hiyo.

Sisi tulio walimu katika kundi tuliombwa kueleza. Kijana hakudanganya. Magari yale hushindana mwendo mfupi tu, kama mita 400, juu ya lami kavu iliyonyooka. Hapo mpira laini hushinda, kwa sababu wote unagusa lami. Hata hivyo, dereva huuzungusha kwanza palepale upate moto, ndipo unate. Mvua ikinyesha, mashindano husimama. Na mipira mingi ya namna hiyo imeandikwa ubavuni kwamba si ya barabara ya watu wote. Mwenye gari la zamani anayetaka sura hiyo mjini hutafuta yenye mifereji iliyochongwa. Huku kwetu Afrika, tangu mwaka 2003, magari ya zamani hushindana katika East African Safari Classic Rally, kwenye njia za udongo. Hayo huvaa mipira yenye meno.

Nasi tunalijua jambo hili bila kusoma. Vaa kandambili zilizolika, uteremke mtoni baada ya mvua, utaona. Meno ya mpira yana kazi mbili: kutoa maji yaliyo kati ya mpira na njia, na kuuma potopoto.

Lakini meno marefu sana nayo hulika haraka kwenye njia ngumu ya kiangazi. Tukachagua ya katikati. Bei ilikuwa juu kuliko ile laini, na mama wawili wakakubali zamu yao ya likelemba isogezwe mbele. Mmoja wao alikuwa ameshapanga kulipa masomo ya mtoto kwa pesa hizo. Tunawashukuru.

Mkienda kununua, tazameni haya:

Kwanza, namba za ubavuni, kama 3.00-18, zilingane na za mpira wa zamani. Ya pili ni kipimo cha rimu.

Pili, tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi dukani hukauka, hata kama haujaguswa njia.

Tatu, kunjeni kidogo mtazame nyufa.

Nne, mshale wa ubavuni uelekee upande ambao gurudumu linazunguka kwenda mbele.

Mpira mzuri hauondoi hatari yote. Tumemwambia kijana wetu: mvua kubwa ikimkuta njiani asimame, hata kama mzigo utachelewa. Na kila safari anaweka kidogo katika sanduku la mipira, ili siku itakapolika tena tusimwombe mama yeyote zamu yake.

Makundi yenye pikipiki, kabla mvua hazijakolea, inameni mtazame mipira yenu. Msimwachie dereva peke yake.