Maradhi yasiyotajwa jina ukweni

Bibi harusi akifundwa huambiwa ya jikoni, ya chumbani na ya mawifi. Ya mgonjwa ukweni sijasikia somo akiyagusa. Mimi nimejifunza hapa Sumbawanga, kwa kusikiliza tu.

Ufipa ni juu, baridi ya mwezi wa sita na wa saba inakukalisha penye jiko la mkaa na mazungumzo yanakuwa marefu. Kwetu Unguja tukisema "mama hawezi", tumemaliza, ni mgonjwa. Hapa watakuuliza, hawezi nini? Wao husema "anaumwa", na ugonjwa ukiwa mkubwa hata hilo linapungua. Neno saratani hulisikii. Utasikia, katikati ya bei ya mahindi na mbolea, "wamempa rufaa Mbeya". Baadaye, "atafika mpaka Ocean Road". Basi. Ocean Road ni taasisi ya saratani, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na kuitaja kunatosha. Aliyesikia haulizi ana nini. Anauliza nauli, nani anaandamana naye, watafikia kwa nani. Jirani Mkatoliki analeta uji wa ulezi bila neno. Mgeni ataona ni ubaridi wa moyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo pole yenyewe. Kwa hiyo bibi harusi, usikimbilie kuuliza maradhi. Uliza usiku huu nani analala na mgonjwa.

(Nikitaja ninakoishi, kisiwani naulizwa uchawi kwanza. Wenyeji husema jina la mji maana yake ni tupa uchawi. Mimi kilichonisumbua ni kunong'ona.)

Mavyaa wangu alipopata uvimbe wa titi, kila akiingia sebuleni mazungumzo yalihamia kwenye kuku. Watoto walimwambia ni uvimbe tu. Yeye aliwaambia ana afadhali. Kila upande ukimlinda mwenziwe, na wote wakilala macho. Lakini Mtume s.a.w. ametuhimiza, mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili wasia wake haujaandikwa. Asiyeambiwa ataandika nini?

Usiku mmoja nikimkanda miguu akaniambia, "Mwanangu, hawa wananihurumia mno. Mimi nataka kujua." Habari ile haikuwa yangu kuitoa. Nilimwambia mume wangu, naye akakaa na ndugu zake, na binti mkubwa ndiye aliyeingia chumbani na kumwambia mama yake, kwa jina lake.

Alinyamaza kitambo. Kisha akataka daftari. Siku za Ramadhani anazodaiwa tangu uzazi wa mwisho. Deni la sukari dukani. Doti mbili za khanga sandukuni, amana ya jirani, zirudishwe. Kiwanja cha nyuma, wagawane kisharia, mdogo asidhulumiwe.

Akafunga daftari, akauliza nauli ya Dar siku hizi ni shilingi ngapi.