Vidoti vya mjomba

Nimerudi chuo juzi, basi la kusini limenitikisa mpaka mgongo unalia. Likizo nilikuwa Kilwa Masoko, na kuna jambo nataka tuliongee.

Mjomba wangu ni mvuvi, umri unagonga 50. Safari hii namkuta anavuta nyavu na shati lake, vifungo vyote vimefungwa, jua la saa saba! Wenzake vifua wazi kama kawa. Kumbe kifuani na tumboni vimemtoka vidoti vyekundu, vidogo kama punje za mtama, haviwashi wala haviumi. Pale sokoni watu washanong'ona: "ngoma hiyo." Hospitali haendi, anaogopa kuonekana kwenye foleni.

Siku tatu nambembeleza, ya nne tukaenda Kivinje. Daktari akaviangalia, akabonyeza, dakika mbili tu. Akasema ni vishipa vidogo vya damu vilivyotanuka na kujikusanya kwenye ngozi. Wengi huanza kuviona wakivuka miaka 30 au 40, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Haviambukizi, si kansa, si dalili ya VVU. Kwenye ngozi nyeusi vinaweza kuonekana zambarau au vyeusi kabisa, ndo maana vinachanganya. Ila asivikate, vitatoa damu. Mjomba akaomba na kipimo cha VVU hapohapo. Majibu ni yake.

Nimesoma zaidi jamani. Campbell De Morgan, daktari mpasuaji wa London aliyefariki 1876, aliviona kwa wagonjwa wake wa kansa akadhani vinahusiana. Baadaye ikaonekana sivyo, lakini jina lake likabaki navyo mpaka leo. Kama bingwa mzima alihisi kansa, watu wa sokoni je? Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatafuta ugonjwa, wao walikuwa wanatafuta stori.

Lakini tusidanganyane. Baka la zambarau linalokua, miguuni au mdomoni, linaweza kuwa Kaposi, kansa ambayo kweli huwapata zaidi wenye VVU. Basi hiyo ndo sababu ya kwenda hospitali, siyo ya kujifungia vifungo. Dawa za VVU zenyewe serikali inatoa bure.

Wenye wazazi na wajomba wa umri huo, pigeni simu muwaulize kiaina. Mi kesho nina testi, ngoja nikasome.