Kudesa Si Kushirikiana

Kila mtu chuoni anajua kudesa. Desa la mwaka juzi linazunguka mabwenini, kosa lililomo linazunguka nalo, na kwenye mtihani nusu ya darasa inalijibu vilevile. Kwa sisi waandika programu, desa ni faili la msimbo linalopita kwa flashi kutoka kwa waliomaliza kwenda kwa wanaoingia.

Semista hii vikundi vinne vya maabara yetu vilifanya projekti za eBPF. Kwa asiyejua, hiyo ni njia ya kuingiza programu ndogo ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux, bila kuiandika upya kerneli wala kuzima mashine. Kabla programu haijaanza kazi, mkaguzi aliye ndani ya kerneli huipitia, asije akaruhusu igusayo kumbukumbu isiyo yake au izungukayo milele.

Vikundi vyote vinne vilirithi faili moja la kuhesabu pakiti za mtandao. Nilipolinganisha hesabu zetu na za kadi ya mtandao, zetu zilipungua. Kumbe viini kadhaa vya prosesa vilikuwa vinagombea namba moja kwenye jedwali moja. Viwili vinasoma 10, vyote vinaandika 11, pakiti moja imeyeyuka. Mkaguzi haoni hilo. Yeye analinda kerneli isianguke, halindi hesabu yako. Dawa ni kukipa kila kiini namba yake, kisha kujumlisha mwishoni.

Mistari michache tu, jamani. Ila ilibidi irekebishwe mara nne, kwenye mafaili ambayo kila kundi lilishabadili majina na kupachika mambo yake. Dada mmoja alishachapa ripoti, na jopo lilikuwa kesho yake. "Kaka, sasa hizi grafu zangu zote ni uongo?" Tulikesha naye kurudia vipimo.

Siwalaumu waliotuachia faili. Kwa miaka mingi eBPF yenyewe ililazimisha kudesa. Programu ilikuwa na ukomo wa maagizo 4096. Hadi Linux 4.16 ya 2018, funksheni zako zilinakiliwa zote ndani ya programu moja ndefu. Miundo ya data ilikuwa ile tu iliyotolewa na kerneli. Leo mambo yamebadilika. Tangu 2021, libbpf inaunganisha vipande vilivyoandikwa mbalimbali kuwa programu moja. Linux 6.9 ya 2024 ikaleta arena, eneo la kumbukumbu linaloonwa na programu ya ndani ya kerneli na ya nje kwa pamoja. Humo unaweza kujenga orodha au mti wako, ukautoa kama maktaba, na mwenzako akautumia bila kuunakili.

Kilichobaki ni sisi. Maabara iwe na hazina moja ya msimbo, kila muundo na jaribio lake na mtu wa kuulizwa. Ukikuta kosa, unarekebisha pale, wote wanapata.

Wapo wanaosema jopo linataka kazi yako mwenyewe. Sawa, lakini kuhesabu pakiti siyo utafiti wako. Taja maktaba uliyotumia kama unavyotaja kitabu, halafu maksi zitafutwe kwenye ulichojenga juu yake. Wa mwaka kesho tusiwaachie flashi tena. Tuwaachie kitu chenye mwenyewe.