Mkebe wa mama uliishinda programu yangu

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi zimenibana kweli kweli. Leo sina habari za programu mpya wala rununu mpya. Leo nataka kuungama.

Kama mnavyojua, mimi huunda programu hapa Nairobi. Mama yangu anaishi Machakos, na nyuma ya nyumba ana bustani ya mahindi, kunde na sukuma wiki. Kila mvua ikianza swali huwa lile lile: je, imetosha kupanda? Akiharakisha, jua linachoma miche. Akichelewa, msimu unamwacha.

Vuli iliyopita nikasema nimsaidie kitaalamu. Nilichukua chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni, kipenyo sentimita 5, nikaweka juu yake faneli yenye mdomo wa sentimita 10. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya anga nchini husoma vipimo vyao, mama alipima kina cha maji kwa rula, akayamwaga, akanitumia arafa. Tarakilishi yangu ikapiga hesabu na kumrudishia jibu kwa milimita. Nilijiona bingwa!

Asubuhi moja mama akaandika: 80. Programu ikajibu: milimita 40. Nikampigia simu. "Mama, panda, udongo umeshiba." Akapanda mbegu zote alizokuwa nazo, pakiti mbili. Mahindi yakaota vizuri, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo. Miche karibu yote ikanyauka.

Nilipofika nyumbani nikaanza kulaumu hali ya hewa. Mama akanionyesha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, uliokuwa kando ya chupa tangu mwanzo. "Mwanangu, siku ile huu ulikuwa na maji ya milimita 20. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiye umesoma."

Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya mbegu.

Usiku huo nikaifungua programu. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu. Faneli ni pana mara 2 kuliko chupa, nami nikagawa kwa 2. Lakini mvua hukusanywa na eneo la mdomo, si upana wake. 10 mara 10 ni 100, 5 mara 5 ni 25, kwa hiyo faneli inakusanya mara 4. Ukigawa 80 kwa 4 unapata 20, sawasawa na mkebe. Mkebe wenyewe hauhitaji hesabu yoyote, maana mdomo na kitako chake vinalingana.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita mraba. Yaani nilimwambia mama kila mita ya bustani yake imepata lita 40, kumbe ni 20.

Ukitaka kutengeneza kipima mvua chako, anza na chombo kilichonyooka. Kiweke mahali pa wazi: kama paa au mti una urefu wa mita 3, kaa mbali nao mita 6 au zaidi. Chupa yenye kitako cha mabonde, itie maji mpaka pale inaponyooka, uweke alama ya sifuri hapo. Na usikiamini chombo kimoja, hata kama umekiunda wewe.

Nilimnunulia mama mbegu nyingine, lakini siku za msimu zilizopotea hazinunuliki. Sasa ananitumia vipimo viwili, vya chupa na vya mkebe. Vikitofautiana, programu haimjibu chochote. Inaniarifu mimi, nami nampigia simu nimuulize yeye anaonaje.

Haya, tuonane tena karibuni. Mvua njema huko mliko.